Sajini Aliyechukua Mahali pa Konstebo

Kabla sijaingia katika mchezo ule nilikuwa mtazamaji wake, tena mtazamaji sugu. Nilikuwa nikiuza mayai ya kuchemsha kwenye stesheni ya Malaba. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, treni ya abiria ikishaondoka kuelekea Tororo, nilimwachia mama beseni langu nikakimbilia ukumbi wa wafanyakazi wa reli. Ulikuwa ukumbi wa mabati wenye mabenchi marefu. Mvua ikinyesha, wachezaji walinyamaza palepale walipofika na kusubiri iishe, maana hakuna sauti ya mtu iliyoweza kushindana na mabati yale. Sisi nasi tulisubiri, tukitafuna njugu.

Mchezo haukuwa na jina rasmi. Tuliuita Mchezo wa Inspekta. Ulianza kabla ya uhuru, na miaka kadhaa baada ya uhuru ulikuwa bado unaendelea, kila mwezi kipande kimoja, hadithi ileile ya polisi na wezi wa mpakani. Inspekta alikuwa karani wa tikiti pale stesheni, mtu wa pwani aliyeletwa kwetu na kazi ya reli, naye ndiye aliyeutunga mchezo wote. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, na sisi tulipenda kukisikia hata mahali ambapo hatukukielewa chote.

Mwizi mkuu aliitwa Makoti, kwa sababu alivaa koti juu ya koti, na katika kila koti mlikuwa na mali ya mtu. Aliyemcheza alikuwa muuza vitambaa wa Busia mjini, Mwislamu mpole asiyeweza hata kumgombeza mteja. Alikuwa akija Malaba kwa lori la rafiki yake, anacheza, anarudi dukani kwake. Watu walimpenda sana, lakini nasikia walipoingia dukani mwake walishika mifuko yao.

Lakini aliyependwa kuliko wote alikuwa Konstebo. Huyu alikuwa mpagazi wa mizigo pale stesheni, mwanamume mnene mwenye kicheko kilichoanzia tumboni. Katika mchezo alikuwa msaidizi wa Inspekta. Kila mara alikaribia kumshika Makoti, na kila mara alibaki na koti mkononi, Makoti mwenyewe amekwenda. Watu walijua litatokea, na bado walicheka mpaka machozi.

Siku moja reli ikamhamisha mpagazi yule. Alipelekwa Nakuru. Asubuhi aliyoondoka, watu walijaa stesheni kama waliokuja kumpokea waziri. Wazee walimshika mkono dirishani, akina mama wakampa kuku na viazi. Mimi nilimpa mayai yote yaliyokuwa kwenye beseni langu, na sikujuta. Treni ilipoanza kusogea, fundi baiskeli mmoja, ambaye kiti chake kilikuwa benchi la mbele siku zote, alitembea kando ya behewa akisema, "Na Makoti je? Sasa Makoti itakuwa namna gani?"

Swali hilo lilikuwa la mji mzima. Wiki iliyofuata karani wa tikiti alinikuta kwenye jukwaa la stesheni nikiita wateja. Ile ilikuwa kazi ya sauti. Injini inapumua mvuke, watu wanapigana na mizigo, na wewe unataka abiria wa behewa la mwisho ajue kuna mayai moto yenye chumvi. Nilikuwa nikiita bila kukohoa. Karani alisimama akanisikiliza mpaka treni ikaondoka.

"Dada," akaniambia, "mchezo wetu unaujua?"

Nikamwambia naujua wote, hata vipande vya zamani.

"Nimejaribu wapagazi wote waliobaki. Wanaongea kama watu waliofunikwa na blanketi. Nataka polisi mpya, na nataka awe mwanamke."

Nilidhani ananitania. Lakini akaniuliza nyumbani kwetu ni wapi, na jioni ile akaja kuongea na mama.

Baba yangu alikuwa ameshafariki, na mama ndiye aliyekuwa mkuu wa nyumba. Alikuwa mwanamke wa Kiteso wa maneno machache, mfugaji wa kuku, na hakuwahi kuingia katika ukumbi ule. Hakuna mwanamke wa rika lake aliyewahi kuingia. Sisi wasichana wachache tulisimama nyuma karibu na mlango. Alimsikiliza karani mpaka mwisho, kisha akauliza masharti yake kwa utaratibu, kama mtu anayepatana mahari.

"Atavaa suruali?"

"Hapana, mama. Sketi ya kaki, chini ya magoti."

"Kuna mtu atamshika?"

"Yeye ndiye atakayewashika watu."

Mama akafikiri. "Ni cheo gani mnampa?"

Nafikiri karani hakuwa amepanga jambo hilo. Alinitazama, akamtazama mama, akasema, "Sajini."

"Basi," mama akasema, akaenda kutafuta kuku wa kumkaribisha mgeni.

Nilijifunza maneno yangu nikiosha vyombo, nikichota maji, nikichemsha mayai. Fundi wa nguo pale Malaba alinishonea sketi na shati la kaki, na kofia tukaazima kwa askari mmoja wa kituoni ambaye alisema anaitaka Jumatatu asubuhi ikiwa safi. Nilipovaa vyote na kujitazama katika kioo cha fundi, nilisimama wima bila kuambiwa.

Jumamosi ile ukumbi ulijaa kuliko kawaida. Watu walikuwa wametoka Amagoro, Chakol, na wengine Busia kwa baiskeli, na wengine walikuwa wamevuka kutoka upande wa Uganda. Wote walikuja kumwona atakayekuwa mahali pa Konstebo. Inspekta alisimama mbele akatangaza kwamba Konstebo amehamishiwa kazi mbali, na serikali imeleta mtu mwingine. Nikatoka nyuma ya pazia, nikapiga saluti.

Mtu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu si ni wa mayai?"

Kicheko kilichofuata hakikuwa kile tulichokuwa tukimchekea Konstebo. Niliendelea na maneno yangu. Nilipotaja cheo changu, kelele zikaanza upya, na safari hii zilikuwa za hasira.

"Sajini ya nini? Konstebo amefanya kazi miaka yote hiyo na hakupewa hata mstari moja wa cheo."

"Huyu ameingia leo tu, leo ni sajini."

"Rudisha Konstebo!"

Tulifika mwisho wa kipande, lakini sidhani kama kuna aliyekisikia. Maganda ya njugu yalikuwa yametapakaa miguuni pangu. Nyuma ya pazia nilivua kofia nikakaa juu ya sanduku. Makoti, yaani yule muuza vitambaa, alikuja akakaa kando yangu akiwa bado na makoti yake yote, jasho likimtiririka.

"Binti yangu," akasema, "unajua mimi wamenizomea tangu mchezo uanze?"

"Wewe ni mwizi, mzee. Wewe lazima wakuzomee."

"Sawa. Lakini sikiliza. Wakizomea, wanatazama. Siku utakayoona wanaongea habari ya bei ya mahindi wewe ukiwa mbele yao, siku hiyo urudi kwa mayai yako."

Wiki zile zilikuwa ngumu. Nilipopita mbele ya kinyozi, nilikuta watu wakibishana habari yangu nami nipo. Mmoja anasema mwanamke hawezi kumshika Makoti, mwingine anamwambia aende sokoni Amagoro awaone akina mama wanavyomshika mwizi wa mifuko kabla polisi hawajavaa viatu. Wengine walikubali awe mwanamke, mradi awe konstebo kwanza, apande cheo polepole kama watu wengine. Fundi baiskeli aliongoza ujumbe wa wazee mpaka kwenye dirisha la tikiti. Walimwambia karani hawana ubaya na msichana, wanajua ni binti wa watu, lakini Konstebo arudi. Karani aliwajibu kwamba hana uwezo wa kuamrisha reli. Fundi akasema basi mchezo usimame mpaka reli ibadilishe mawazo. Karani akamwuliza, "Wewe unaweza kukaa bila mchezo, mzee?" Fundi akanunua tikiti ya kwenda Bungoma, ili asionekane amekuja bure.

Mama alisikia yote. Wateja wa kuku walimletea habari. Nilingoja aniambie niache, na kama angeniambia ningeacha. Siku mbili kabla ya kipande cha pili nilimkuta akipiga pasi sketi yangu ya kaki kwa pasi ya makaa, akinyunyizia maji kwa vidole. Alilifuata kila rinda mpaka likasimama kama ubao. "Sajini haendi kazini na nguo ya makunyanzi," akasema.

Katika kipande cha pili, Makoti alikuwa amejificha ndani ya behewa, yaani nyuma ya magunia yaliyopangwa pembeni, na mimi nilitakiwa nipite bila kumwona. Nilianza kuzunguka. Zomeazomea ilianza mapema. Kisha fundi baiskeli, pale benchi la mbele, akaegemea nyuma na kusema ukumbi mzima usikie:

"Konstebo angekuwa ameshamwona zamani."

Nilisimama. Maneno niliyojifunza yalikuwa yamenitoka kichwani, lakini sikuogopa. Nilikuwa nimezoea abiria wanaobishia bei kutoka dirishani. Niligeuka nikamtazama yeye, si kama msichana anavyomtazama mzee, bali kama askari.

"Wewe mzee uliyekaa mbele. Unamjua mtu huyu ninayemtafuta?"

Ukumbi ukatulia. Fundi akatazama kushoto na kulia.

"Namjua."

"Ulimwona wapi mara ya mwisho?"

"Hapa hapa. Mwezi ule mwingine. Alificha blanketi za wenyewe chini ya behewa."

"Ukamwambia nani?"

Fundi akatia mikono mfukoni.

"Nauliza, ulimwambia nani?"

"Sikuambia mtu," fundi akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Basi wewe ni shahidi. Simama. Toa mikono mfukoni. Njoo huku uandikishe ulichokiona."

Yule mzee akasimama. Alivua kofia yake, akaikunja, akapanda jukwaani na kusema, "Ndiyo, afande." Naapa hakuwa anaigiza. Alisema kama mtu aliyeitwa kituoni.

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga mabenchi kwa mikono. Nyuma ya magunia nilimwona Makoti anatikisika kwa kucheka, amejiziba mdomo kwa kola ya koti. Inspekta alitoka kabla ya zamu yake, akatutazama wote wawili, na kwa kuwa alikuwa mtunzi hodari hakuharibu kitu. Akamwambia fundi, "Mzee, serikali inakutegemea. Mwezi ujao uje bila kukosa." Fundi akaahidi.

Kuanzia hapo mambo yaligeuka, ingawa si kwa siku moja. Kuna waliosema mpaka mwisho kwamba Konstebo alikuwa zaidi. Sikuwapinga, hata mimi nilimkumbuka. Lakini fundi baiskeli sasa alikuwa shahidi wa serikali, na hakuna aliyeweza kumsema Sajini vibaya mbele ya karakana yake. Mteja akianza, fundi aliweka spana chini. "Wewe ulikuwa wapi siku ile?" alimwuliza. "Mimi nilisimama mbele yake. Macho yake nimeyaona. Hiyo ni sajini kamili." Karani alimwandikia maneno machache ya kusema kila mwezi. Fundi hakuyashika hata siku moja. Alisema yake, na yalikuwa mazuri zaidi.

Kilichonifurahisha kuliko hayo ni akina mama. Mwezi wa tatu walikuja wawili, wakakaa sakafuni upande wa kushoto juu ya mkeka waliouleta. Mwezi uliofuata walikuwa wamejaza upande ule wote, wa sokoni, wa mashambani, mpaka wauza samaki waliokuwa wamepanda gari kutoka Sio Port kule ziwani na bado walinukia dagaa wa omena. Hawakuwa wakizomea. Waliongea nami. Nikimkaribia Makoti, waliniambia, "Polepole, dada, ana kisu upande ule." Makoti akiniambia uongo, walinong'ona kwa pamoja, "Usimwamini." Na nilipomtia pingu kwa mara ya kwanza, ingawa alitoroka kabla ya kipande kuisha, walipiga vigelegele mpaka mkuu wa stesheni akaja kuangalia kuna harusi ya nani.

Siku ile ya pingu mama alikuwepo. Hakuniambia anakuja. Nilimwona nilipoinua macho, amekaa katikati ya mkeka, amevaa gauni lake la kanisani, kibeti mapajani. Hakupiga kigelegele. Alikaa wima, ananitazama kama anavyotazama shamba lililoota vizuri. Mwanamke aliyekaa naye alimwuliza jambo, na mama akamjibu bila kuondoa macho kwangu. Baadaye mwanamke huyo aliniambia alichouliza: "Unamfahamu huyu polisi?" Na mama alijibu, "Nilimzaa mimi. Hapa hapa Malaba, mvua ikinyesha."

Tangu siku ile watu walimwita Mama Sajini. Nilimsikia sokoni akiitikia jina hilo bila kugeuka, kama mtu aliyezaliwa nalo.

Sasa nitasimulia la plau, maana hilo ndilo ninalojivunia kuliko yote, nalo halikutokea jukwaani.

Asubuhi moja nikiwa na beseni langu stesheni, mwanamke wa makamo alikuja kutoka upande wa Chakol. Alikuwa mjane. Aliniamkia, halafu akanieleza taratibu kwamba shemeji yake, ndugu wa marehemu mume wake, alichukua plau ya nyumba yake tangu siku za matanga na hajairudisha. Mvua ilikuwa karibu. Ng'ombe wa kukokota alikuwa nao, lakini plau haikuwepo.

"Sajini, njoo uniamulie," akasema.

"Mama, mimi si polisi. Mimi nauza mayai. Ule ni mchezo."

"Hiyo najua," akasema bila kukasirika. "Sijakuwa mjinga. Nimeenda kwa watu wakubwa, wameniambia hiyo ni maneno ya nyumbani. Wewe njoo tu usimame na mimi. Mimi nitasema mwenyewe. Lakini nikiwa peke yangu yule hasikii."

Nilimtazama uso wake. Hakuwa amechanganya mchezo na maisha. Alikuwa amefikiri sana kabla ya kuja kwangu. Treni ilipoondoka tulikwenda.

Nilikuwa nimevaa gauni langu la kawaida, na kitambaa kichwani. Tulimkuta shemeji yake chini ya kibanda, anakunywa pombe ya wimbi na jirani zake, kila mmoja ameshika mrija wake mrefu. Plau ilikuwa imeegemea ghala, imeanza kushika kutu. Aliponiona, mrija ulimtoka mdomoni. Jirani mmoja akasema kwa Kiteso, "Huyu ni Sajini," na wote wakakaa vizuri.

Nilisimama kando ya yule mjane, mikono nyuma, vile karani alivyonifundisha. Mjane akasema maneno yake. Hakupiga kelele. Alisema plau ilinunuliwa na nani na kwa mavuno gani, nani aliibeba kutoka dukani, watoto wake wangapi watakula kutoka shamba lile. Alipomaliza nikagundua kwamba wote walikuwa wananitazama mimi, wakingoja.

"Umesikia?" nikamwuliza shemeji.

"Nimesikia."

"Una jibu?"

Alikuna kichwa. Alitazama majirani zake, na hakuna aliyemsaidia. Kisha akaniuliza, kama mtu anayetafuta njia ya kutoka, "Na Makoti? Mtamshika lini?"

"Nikishamaliza habari ya plau hii."

Majirani wakacheka, naye akacheka kidogo, na kicheko kile kikampa nafasi ya kuinuka bila aibu. Alikwenda mwenyewe kwenye ghala. Aliitoa plau, akaipangusa kutu kwa kiganja, akasema alikuwa ameiweka tu isiharibike. Hakuna aliyebishana naye kuhusu hilo. Jirani mmoja kijana alijitolea kuibeba, lakini mjane alikataa. Alishika upande mmoja, nami nikashika upande wa pili.

Ilikuwa nzito, na njia ilikuwa ya kupanda. Tulipumzika mara kwa mara. Watu waliokuwa mashambani walisimama kututazama, na kuna walioinua mkono. Mahali fulani mjane aliweka upande wake chini, akajifuta jasho, akaniambia, "Umeona? Hukusema maneno mengi."

"Wewe ndiye uliyesema yote."

"Ndiyo," akasema. "Leo nimesema vizuri."

Aliinua tena upande wake. Tulipofika kwake, watoto wake walitoka mbio, wakaizunguka plau ile wakiigusagusa. Yeye hakunikaribisha chai kwanza. Alikwenda zizini akawatoa ng'ombe, akawafunga nira jua likiwa bado juu, akalima mstari mmoja kando ya nyumba, akarudi na wa pili, ardhi nyeusi ikigeuka nyuma yake, nami nikisimama ukingoni namtazama.